Saanane: hifadhi ya taifa iko mlangoni na bado hamjavuka

Watu wa Mwanza mnakula sato Capri Point kila wikiendi, kisiwa cha Saanane mnakiona kile pale ziwani Victoria, halafu mnajichanga kwenda Serengeti kuona swala. Swala wapo hapo hapo! Boti inaondoka Capri Point, hata selfi hujamaliza ushafika.

Zamani ilikuwa zuu, ya kwanza Tanzania, ilianza 1964, ikaja kuwa hifadhi ya taifa 2013. Ni ndogo kweli, kama kilomita za mraba 2 na kidogo na maji yakiwemo, kwa hiyo usiende ukitegemea tembo. Utaona pimbi wamejianika juu ya mawe hawana habari na wewe (eti ndugu yake wa karibu ni tembo, wataalamu ndo wanasema), pundamilia, kenge, ukibahatika na fisi maji. Mimi nilinogewa na mijusi, dume kichwa mpaka mabega jekundu huko nyuma bluu imekolea, anapiga pushapu kwenye jiwe akimtisha mwenzie, na hao jina lao la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani ni wa kwetu kabisa.

Ukipanda juu ya mawe mji wote unauona mpaka Bismarck Rock, lile jiwe maarufu la ziwani. Ila jua la saa saba ni balaa, nendeni asubuhi, vaeni raba, ndala mtateleza, na bebeni kitambulisho maana bei ya Mtanzania siyo ya mgeni. Nyota 4.