Uzoefu wangu: ligi ya fantasi ya hoki na marafiki hapa Edmonton, Kanada

Kama mko marafiki kati ya wanane na kumi na wawili, na mnaishi mahali ambapo baridi haiagi mpaka Aprili, anzisheni ligi ya fantasi ya hoki ya barafuni (kila mtu anajiundia timu ya wachezaji wa kweli, na wanachokifanya uwanjani ndicho kinachompa alama), na kwenye mipangilio mchague mfumo wa kupambana wawili wawili kila wiki. Nasema hivyo kwa sababu nimecheza pia ile aina nyingine, ya kujumlisha pointi za msimu mzima. Hiyo inaonekana ya haki zaidi, lakini ikifika Januari walioachwa nyuma hawafungui tena programu. Ya wiki ina bahati nyingi, ina maumivu ya Jumapili usiku, na ndiyo iliyotuweka pamoja.

Tuko kumi: Watanzania, Wakenya wa Pwani, Mkongo wa Bukavu, Mrundi, dada mmoja wa Kampala, na Wakanada wawili ambao ndio waliotuvuta kwenye mchezo huu kazini. Kundi letu la WhatsApp ni la Kiswahili. Wakanada wetu wameshazoea "pole" na "hongera", maana hayo ndiyo yanayozunguka humo kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Programu za kuchezea ziko kadhaa, za Yahoo na ESPN zikiwa zinajulikana zaidi, na zote mbili zina ligi za bure. Kwa namna zinavyofanana, ninayoyasema hapa yanahusu mchezo wenyewe zaidi kuliko programu moja.

Wengi wanaosoma hapa wanacheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kwa hiyo nianzie hapo. Kule Haaland anaweza kuwa kwenye kikosi cha kila mtu, mkashangilia goli moja wote. Huku mchezaji ana mwenyewe mmoja tu ndani ya ligi yenu. Ukishamchukua Connor McDavid, nyota wa Oilers, timu ya hapa Edmonton, sisi tisa tuliobaki hatumpati tena labda tubadilishane nawe. Ndiyo maana siku ya drafti, yaani ya kugawana wachezaji, ni sikukuu. Uchaguzi huenda na kurudi: aliyechagua wa kwanza katika raundi ya kwanza anachagua wa mwisho katika ya pili, kisha foleni inageuka tena. Sisi huwa tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu na simu yake, sinia la pilau katikati, na ukitaja jina ambalo jirani yako alikuwa analisubiri utasikia mguno chumba kizima.

Tofauti ya pili ni ratiba, na wiki nyingi huamuliwa hapo. NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ina timu 32, na kila moja imekuwa ikicheza mechi 82 kati ya Oktoba na Aprili. Kwa wiki timu inaweza kucheza mara mbili, tatu au nne. Kwetu tunashindania vipengele kumi. Kwa wachezaji wa kawaida ni magoli, asisti, jumlisha-toa (kuongezewa au kukatwa kwa goli lililoingia mchezaji akiwa barafuni), pointi za pawaplei (yaani zile zinazopatikana wakati mpinzani ana mtu aliyekaa kibandani kwa adhabu), mashuti na vikumbo. Kwa makipa ni ushindi, wastani wa magoli ya kufungwa, asilimia ya kuokoa, na mechi za kutofungwa kabisa. Jumatatu wewe na mpinzani wako mnaanza sifuri kwa sifuri, na Jumapili usiku mnahesabu kila mmoja kachukua vingapi. Unaweza kushinda tisa kwa moja, unaweza kutoka sare tano kwa tano baada ya siku saba za kushikana mashati.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wiki ni kuhesabu mechi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi NHL hujaa mpaka unalazimika kuwaacha benchi wachezaji wazuri kwa kukosa nafasi. Siku nyingine mara nyingi huwa nyembamba. Mshambuliaji wa daraja la kati ambaye wiki hiyo ana mechi nne, mbili zikiwa Jumatatu na Ijumaa, anaweza kukufaa kuliko nyota mwenye mechi mbili zote za Jumanne na Alhamisi. Jambo hili napenda sana kulieleza kwa wageni, kwa sababu linampa mtu asiyeijua hoki namna ya kushindana na aliyekulia kwenye barafu. Dada yetu wa Kampala hakuwa amewahi kuona fimbo ya hoki kabla ya kuhamia Kanada. Anaisoma ratiba kama mhasibu asomavyo leja, na hakuna anayefurahi kupangwa naye.

Halafu kuna makipa. Hapa ndipo moyo unapopanda na kushuka, na ndipo wageni wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Magoli na asisti hujumlishwa. Usiku mmoja mbaya unakunyima tu, haukunyang'anyi ulichonacho. Wastani wa kipa ni kitu kingine. Chukua kipa aliyecheza dakika zote sitini mara mbili akafungwa goli moja moja. Wastani wake ni 1.00, na kipengele hicho umeshakiweka mfukoni. Jumamosi anaingia tena, anafungwa sita. Sasa ni magoli manane kwa mechi tatu, wastani 2.67, na wiki nzima ya utulivu imeondoka kwa saa mbili na nusu. Ndiyo sababu wapo wanaowaweka makipa wao benchi kuanzia Ijumaa wakiwa mbele, na ndiyo sababu ligi nyingi huweka idadi ya chini ya mechi za makipa kwa wiki, ili mtu asijifiche nyuma ya mechi moja nzuri. Sisi tumeweka tatu. Naomba msianze bila sheria hiyo.

Kipa mzuri kweli ana thamani isiyosemeka. Msimu wa 2024/25 Connor Hellebuyck wa Winnipeg alishinda mechi 47, nane kati ya zote alizocheza akimaliza bila kufungwa, kisha akatwaa Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, ambayo makipa huipata kwa nadra sana. Aliyekuwa naye kwetu ni mmoja wa Wakenya, na ukipangwa naye ulijua vipengele viwili vitatu vimeshaenda kabla ya Jumatatu. Lakini hata Mkenya huyo alilazimika kuangalia mechi za siku mbili mfululizo, kwa sababu timu nyingi humpumzisha kipa wa kwanza katika mmojawapo wa usiku huo. Ukisahau kuhakikisha nani anaanza langoni, unabaki na nafasi tupu.

Msimu huohuo ndio ulionifanya niamini mfumo wa wiki. Jumamosi moja ya Januari 2025 McDavid alimpiga mchezaji wa Vancouver kwa fimbo dakika za mwisho, na ligi ikamfungia mechi tatu. Mrundi wetu ndiye aliyekuwa naye. McDavid hakuwa majeruhi, kwa hiyo Mrundi hakuweza kumhamishia kwenye nafasi ya majeruhi; nyota alikaa kikosini akila nafasi huku wiki ikimpita. Mji mzima huu ulikuwa unanung'unika kwa ajili ya Oilers, na Mrundi alikuwa na sababu mbili za kunung'unika. Katika mfumo wa jumla pengo lile lingemfuata mpaka mwisho wa msimu. Kwetu lilimgharimu wiki moja. Iliyofuata ukurasa ulikuwa mweupe na McDavid amerudi.

Na Ovechkin. Hii lazima niisimulie. Mkongo wetu alimchukua Alex Ovechkin, mfungaji wa Washington, katika raundi ambayo wengine tulikuwa tunatafuta vijana, kwa sababu mzee huyo alikuwa na miaka 39. Alianza msimu kama kijana wa miaka ishirini: magoli 15 katika mechi 18. Novemba akavunjika mfupa wa mguu kule Utah. Wiki baada ya wiki ndugu yetu alipigwa, na kila Jumapili kundini alishauriwa amwachie. Akamweka kwenye nafasi ya majeruhi, akasema huyu hauzwi wala haachwi. Mwishoni mwa Desemba Ovechkin akarudi baada ya kukosa mechi 16, na akaendelea kufunga pale alipoachia.

Kwetu mtoano ulikuwa unaendelea wiki ya kwanza ya Aprili. Ijumaa ya tarehe 4 alifunga mawili dhidi ya Chicago, akalingana na rekodi ya Wayne Gretzky ya magoli 894, rekodi iliyokuwa imesimama tangu Gretzky alipostaafu mwaka 1999. Jumapili ya tarehe 6, siku ya mwisho ya wiki yetu, akamfunga kipa wa New York Islanders goli la 895. Mechi ilisimama, watu wakashuka kwenye barafu, hotuba zikatolewa. Historia ya hoki ilikuwa inaandikwa, na kwenye simu ya ndugu yetu goli hilohilo lilimpa kipengele cha magoli. Tulipigiana simu, wengine tuko zamu kazini, wengine kanisani, tunapiga kelele kwa ajili ya Mrusi aliyekuwa akichezea Washington ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kukutana naye. Bila mfumo wa wiki, goli lile kwetu lingekuwa moja tu katika mamia.

Sasa niseme yasiyonipendeza. Kipengele cha jumlisha-toa kingeondolewa hata leo ningefurahi. Mchezaji anapewa au anakatwa kwa goli lililoingia akiwa tu kwenye barafu, na beki hodari wa timu dhaifu ataadhibiwa kwa makosa ya wenzake. Msimu ujao napendekeza tukibadilishe na mashuti yaliyozuiwa, ambayo angalau yanalipa jasho la mtu.

La pili ni muda. Huu si mchezo wa kupanga kikosi mara moja kwa wiki ukalala. Mechi ya mchezaji inapoanza huwezi tena kumhamisha kati ya benchi na kikosi, na mechi za Toronto au Boston zinazoanza saa moja jioni kule, hapa Edmonton ni saa kumi na moja. Wengi wetu saa hiyo tuko ghalani, kwenye nyumba za wazee, au nyuma ya usukani. Dawa ni kupanga siku kadhaa mbele ukiwa na chai asubuhi, kisha kupitia taarifa za makipa wakati wa chakula cha mchana. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Ambaye hana hizo dakika kumi atajikuta amewaacha watatu benchi Jumatatu, na mpinzani wake hatafurahia ushindi wa namna hiyo. Arifa za programu nazo hazitoshi kutegemea. Niliwahi kutumia moja iliyokuwa ikinitangazia jeraha la mchezaji baada ya mechi kuanza.

La tatu, wekeni kikomo cha kusajili wachezaji huru, yaani wasio na mwenyewe kwenye ligi yenu. Bila kikomo, mwenye muda mwingi atabadilisha mtu kila siku na kurundika mashuti na vikumbo mpaka wiki inakosa ladha. Sisi tunaruhusu usajili wa wachezaji wanne kwa wiki, na tangu tuanze hivyo ugomvi umepungua sana.

Kuhusu fedha: hatuweki hata dola. Kundi lina Waislamu na lina walokole, na kwa wote kamari ni mlango usiofunguliwa. Nashauri hivyohivyo hata kwa wasio na dini, kwa sababu nimeona ligi ya jirani ikivunjika kwa deni la mshindi asiyelipwa. Kwetu anayeshika mkia huandaa nyama choma bustanini mwezi Juni, na bingwa ndiye anayechagua kama itakuwa mbuzi au ng'ombe.

Nyota nne kati ya tano, na ya tano nitaitoa siku jumlisha-toa itakapoondoka. Kwa anayetaka kuanza, drafti nyingi hufanyika mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, kabla mechi za kwanza hazijapigwa. Tafuteni idadi ya watu inayogawanyika kwa mbili, ili asiwepo wa kukaa bila mpinzani. Mchagueni mmoja awe kamishna, mtu mtulivu ambaye wote mtamkubali akikataa mabadilishano ya kuoneana. Kubalianeni vipengele kabla ya drafti, si baada yake. Na raundi ya tatu au ya nne isipite hujachukua kipa anayeanza langoni mara kwa mara, kwa maana ukichelewa unaweza kubakiwa na wa akiba tu.