Cameron Indoor Stadium: ukumbi mdogo wenye kelele kubwa

Anayetaka kuushuhudia utani wa jadi wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani ni vigumu apate mahali panapomfaa kuliko ukumbi wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham, siku wanapokuja majirani zao wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Ukumbi huu, uliofunguliwa mwaka 1940, huingiza watazamaji 9,314 tu, na wanafunzi, ambao hulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa ili wapate nafasi, husimama ukingoni kabisa mwa uwanja, kiasi kwamba mchezaji mgeni anayerusha mpira kutoka nje huzomewa karibu sikioni. Kejeli zao nyingi huchekesha. Zinazomlenga mchezaji binafsi ndizo zinazonifanya niwapunguzie alama. Usitarajie starehe, kwani nafasi ni finyu. Uungwana, hata hivyo, upo: Machi 5, 2022, North Carolina iliposhinda 94–81 katika mechi ya mwisho ya nyumbani ya kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, mashabiki walibaki kwa hafla ya kumuaga. Tiketi za mechi ya watani hawa ni adimu na ghali. Mwenye fedha kidogo achague mechi ya Duke na mgeni mwingine, kelele atazikuta.