TAHADHARI: "Mashine ya oksijeni ya sola W 20" kwa wafugaji wa samaki wa uani

Ndugu wafugaji, kuna tangazo linazunguka sana Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya ufugaji. Ni kisahani cheusi cha sola kinachoelea majini, katikati kinarusha maji kama chemchemi, na maandishi yake yanasema: "mashine ya oksijeni, W 20, inatosha samaki 500, usiku na mchana, sahau LUKU" (umeme wa kulipia kabla). Bei imeshushwa "leo tu", mzigo uko Kariakoo na zimebaki pisi tatu, hela inatangulia kwa lipa namba. Kama una bwawa la turubai lenye sato (tilapia), usinunue. Kile ni pambo la beseni la maua.

Anza na ukubwa wa kisahani, maana hapo hakuna pa kujificha. Jua kali la saa sita mchana hushusha karibu wati (W) 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme. Mita nzima ya mraba basi ni W 200. Kisahani chenye upana wa sentimita 16 kina sentimita za mraba 200 hivi, kwa hiyo hata kingejaa seli hadi ukingoni hakivuki W 4. W 20 za kweli zinataka paneli ya karibu sentimita 30 kwa 33. Muulize muuzaji upana kabla hujauliza bei. Wengi hukaa kimya, au wanakutumia video nyingine.

Na hiyo video isikudanganye. Maji yanaruka juu kwa sababu yamebanwa kwenye vitundu vidogo, kama unavyoziba mdomo wa mpira kwa kidole. Urefu wa mruko hausemi chochote kuhusu wingi wa maji. Vipampu hivi hutoa lita mia moja hadi mia mbili kwa saa. Bwawa la mita 3 kwa 2, kina sentimita 80, lina lita 4,800, na likiwa na samaki wengi na kichujio, maji yote yanapaswa kuzunguka ndani ya saa moja au mbili. Kwa lita 200 kwa saa utahitaji saa 24 za jua, yaani siku nne hivi kwa mzunguko mmoja.

Lakini balaa lenyewe liko usiku. Mchana mwani wa kijani hutengeneza oksijeni bure. Jua likizama, mwani huohuo, samaki na mabaki ya chakula yanayooza chini vyote vinaila. Maji ya nyuzi 30 hata yakishiba hewa kabisa yana miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, hivyo akiba ni ndogo, na hufika chini kabisa kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Kifaa cha sola kisicho na betri kinafanya kazi saa sita mchana, bwawa likiwa halina shida, kisha kinalala saa ile samaki wanapokihitaji. Ndiyo maana mnunuzi hushangaa: jana kilikuwa kinarusha maji vizuri, leo asubuhi sato wameelea. Angalia pia ni samaki gani wanaoonyeshwa kwenye tangazo. Mara nyingi ni kambale, na kambale ana kiungo cha kuvutia hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Sato hana.

Toleo "lenye betri" linauzwa ghali zaidi na uongo wake ni uleule. Ndani mna betri ya duara ya aina ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha chaji ya betri). Betri za ukubwa huo, hata zile bora, huishia kama mAh 3,500. Hizi za bei chee zina 2,000 au pungufu. Betri ya mAh 2,000 kwa volti 3.7 ina Wh (wati-saa) 7.4. Pampu ya W 2.5 inaimaliza kwa saa tatu. Ikianza saa 12:30 jioni, saa 3:30 usiku imezima.

Wapo pia wanaouza pampu za kuzamisha za umeme wa kawaida zenye lebo ya kutunga. Kwenye lebo, lita kwa saa hupimwa bila kupandisha maji hata kidogo, na mita za juu ni pale ambapo maji hayatoki kabisa. Muuzaji huzisoma kwa pamoja: "inasukuma lita 5,000 hadi mita 4 na nusu, inakula W 60 tu". Zidisha lita 5,000 (mita za ujazo 5) kwa 4.5 kisha kwa 2.7 (wati za kupandisha mita moja ya ujazo kwa saa, kimo cha mita moja): kupandisha maji peke yake kunataka W 61, kabla mota haijapoteza chochote. Na pampu ndogo hupoteza zaidi ya nusu.

Kipimo cha dukani ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Inua mdomo wa mpira hadi kimo cha kichujio chako, hesabu sekunde za kujaza, kisha gawanya 72,000 kwa sekunde hizo. Jibu ni lita kwa saa. Sekunde 24 ni lita 3,000. Muuzaji akikataa pampu kujaribiwa kwenye ndoo, ondoka. Ukiichukua bila kuijaribu, ikiungua atasema uliiwasha bila maji, na huna la kumjibu, kwa sababu ni kweli pampu hizi hupozwa na maji na zikiwashwa kavu huharibika upesi.

Soma na volti. Ikiandikwa 110–120V 60Hz, ni ya soko la Marekani. Kwenye umeme wetu wa volti 230 mota inaungua. Waya ukiwa na nyuzi mbili tu, bila ule wa ethi wa kijani na njano, usiizamishe mahali watoto wanapotia mikono, na hata yenye ethi ipitishe kwenye RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30.

Kama umeshatapeliwa, tunza risiti ya muamala, picha ya tangazo na lebo. Namba ya tapeli itume 15040 kwa Tanzania; bidhaa bandia ipeleke FCC (Tume ya Ushindani) au TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kenya, hakiki alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023.

Na kama kisahani ndicho pekee ulichonacho usiku huu: usilishe jioni. Saa 10 alfajiri amka na tochi. Ukikuta sato wanahema juu, chota maji ya bwawa lenyewe kwa ndoo uyamwage kutoka kimo cha kifua, tena na tena, hadi jua litoke. Usijaze maji ya bomba yenye klorini kwa mkupuo.