Nilikataliwa mara ya kwanza, mara ya pili nikalipwa: uzoefu wangu wa kuomba mfuko wa msaada

Jamani naandika hii ningali naikumbuka vizuri, maana wakati natafuta mtu wa kunielekeza vielelezo gani vinatakiwa kila niliyemuuliza alikuwa ananiambia we peleka kitambulisho na stetimenti ya benki basi, na hilo "basi" ndilo lililonigharimu karibu mwezi mzima nikiwa sina kitu na watoto wawili wananiangalia.

Nilipunguzwa kazini. Nikasikia kuna mfuko wa msaada kwa waliopoteza kipato, maombi ni ya mtandaoni, fomu yenyewe nyepesi hata dakika ishirini hazikufika, nikapiga picha karatasi zangu kwa simu usiku ule ule nikatuma. Zikapita siku kumi na tisa kimya, halafu ukaja ujumbe wa mstari mmoja: vielelezo havijitoshelezi. Hawakusema kipi wala kwa nini. Hapa ndipo nawalaumu sana, kwa sababu mtu aliyefika hatua ya kuomba hana muda wa kubahatisha, mwambie kinachokosekana akakilete.

Nikapiga simu mpaka nikampata dada mmoja wa huduma kwa wateja, mvumilivu kweli, akafungua faili langu tukaanza kuangalia karatasi moja moja. Kwanza jina. Kitambulisho changu kina majina matatu, benki nimeandikwa mawili tena jina la ukoo limetangulia, na mkataba wa nyumba una jina la mume wangu, kwa hiyo anayesoma faili anaona watu watatu tofauti. Pili stetimenti, nilituma ukurasa wa kwanza na wa mwisho nikidhani hizo za katikati ni kuwachosha bure, kumbe wanazitaka zote, hata ile yenye mistari miwili tu, kwa sababu ukurasa ukiruka hawajui kuna nini humo. Ya tatu ndiyo iliniuma zaidi: barua ya kuachishwa kazi, picha niliyopiga, kidole gumba changu kilikuwa kimefunika kona ya muhuri pale pale palipo na tarehe. Barua ya kweli kabisa, ina sahihi na muhuri, na haikuwa na maana yoyote kwao kwa sababu ya kidole.

Halafu akanieleza kitu ambacho natamani kingeandikwa juu kabisa ya ile fomu. Wao hawaangalii tu kama sasa hivi huna pesa, wanataka waone mabadiliko, yaani ulikuwa unapata kiasi gani, nini kikatokea, tarehe gani, na baada ya hapo kipato kikawaje. Mimi nilikuwa nimetuma stetimenti ya mwezi wa mwisho tu, ile iliyokauka, nikiamini ndiyo inayonionyesha nina shida. Kumbe peke yake haisemi kitu, lazima ianze miezi ile mshahara ulipokuwa bado unaingia ili mtu auone unaingia unaingia halafu umekatika, na tarehe ya kukatika ifanane na ya kwenye barua. Akasema kila malipo yanakuja kukaguliwa baadaye na faili lazima lijieleze hata kwa mtu ambaye hajawahi kuongea na mimi. Nilipolielewa hilo hasira zikapungua kidogo.

Basi nikaanza upya. Kwa majina nilienda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yale yote ni ya mtu mmoja, ukurasa mmoja tu. Kwa makazi, kwa kuwa mkataba sio wa jina langu, mwenye nyumba aliniandikia barua yenye tarehe, sahihi na namba yake ya simu, nikaambatanisha cheti cha ndoa na bili ya maji ya mwezi uliopita, maana wao bili ikizidi miezi mitatu hawaipokei. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto nikaweka, na barua ya deni la kodi ya nyumba. Stetimenti nikaomba benki wanitumie ile ya PDF badala ya kupiga picha kioo cha simu. Barua ya kazi safari hii nikaipeleka kuskaniwa, kona zote nne zinaonekana.

Na wewe uliyejiajiri usikate tamaa ukiona wanataka slipu ya mshahara. Wifi yangu anashona nguo nyumbani, hajawahi kuwa na slipu maisha yake yote, alipeleka daftari lake la mauzo, taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita na maelezo aliyoandika na kusaini mwenyewe kuhusu kazi yake, wakampokea. Ila daftari liwe lile lile la siku zote, lenye wino tofauti na madoa yake, usikae ukaandika jipya usiku mmoja ili lipendeze, atakayelikagua atalijua tu.

Kitu kingine, hapo katikati kuna mtu alinipigia anasema anaweza kulisukuma faili langu nimpe kitu kidogo na namba ya siri ya akaunti ili "ahakikishe." Nilikata simu. Mfuko wa kweli unahitaji namba ya akaunti na jina lako basi, namba ya siri haiwahusu kabisa.

Ombi la pili lilijibiwa siku ya tisa na pesa ikaingia wiki iliyofuata, nililia. Kwa huduma ya simu nawapa nyota tano, kwa ule ujumbe wa mstari mmoja nawapa moja, waweke tu mfano wa faili lililokubalika watu waone.

Karatasi za asili msizitupe mkishalipwa. Wiki sita baadaye walinipigia wanataka kuiona barua yenyewe ya kuachishwa kazi, sio kopi, na ilikuwa bado kwenye bahasha juu ya kabati pamoja na ile hati ya kiapo.