Mkanda wa nane wa mtulinga: usikimbilie kuununua

Mtulinga, mfupa unaounganisha bega na kifua, ukivunjika haufungwi hogo, ile plasta ngumu. Kijana aliyeangukia bega mpirani huvalishwa ama kitambaa cha kuning'inizia mkono, ama mkanda wa nane, ule wenye umbo la namba 8 unaozunguka mabega, kupita makwapani na kukutana mgongoni.

Mkanda wa nane hutangazwa kwamba huvuta mabega nyuma ili mfupa unyooke. Haunyooshi kitu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1987 uliolinganisha vifaa hivi viwili ulikuta mifupa imeunga vilevile, ila waliovaa mkanda waliteseka zaidi. Shida iko kwapani: ukiukaza hadi bega livutike, mishipa inabanwa, vidole vinakufa ganzi na mkono unavimba. Ukiulegeza, umekuwa pambo. Velkro iko mgongoni, kijana haifikii, na kwa joto la Pwani jasho linachubua ngozi. Unachofaa ni kuacha mikono yote miwili huru, jambo la maana kwa mwanafunzi aliyeumia upande anaoandikia. Ukiutaka lazima, usichague saizi kwa umri. Pima mzunguko wa kifua.

Kitambaa ni rahisi na kinatosha. Kiwiko kizame hadi mwisho wa kifuko, kiganja kikae juu kidogo ya kiwiko na kisining'inie nje. Kanga iliyokunjwa pembetatu inafanya kazi ileile, mradi fundo lisikalie uti wa shingo wala upande ulioumia. Kwa kawaida huvaliwa wiki 3 hadi 4. Kosa la wengi ni kuogopa kuutoa mkono humo kabisa: vidole na kiwiko vinyooshwe kila siku tangu mwanzo, la sivyo kiwiko kinakakamaa. Usiku alale ameegemea mito. Michezo ya kugongana isubiri miezi 2 hadi 3.

Kinundu kitabaki juu ya mfupa, hakina neno. Hata vipande vikiwa vimepishana kabisa, utafiti wa Marekani kwa vijana wa miaka 10 hadi 18 haukuona vyuma vya upasuaji vikileta matokeo bora kuliko kitambaa.

Ila ngozi ikiinuliwa na ncha ya mfupa hadi ikapauka, kukiwa na jeraha wazi, mkono ukiwa wa baridi, ganzi ikigoma kuisha, au bonde likitokea karibu na kidari na kijana anameza au kupumua kwa shida, hapo duka la dawa lipite, nenda hospitali saa hiyohiyo.