Chaneli za michezo ya vyuo Marekani: kebo, YouTube TV au programu mbili?

Ligi za vyuo Marekani, hasa za futiboli ya Kimarekani, zina chaneli zake. Ukiuliza SEC Network, chaneli ya ligi ya SEC ya kusini mwa nchi, ni dola ngapi kwa mwezi hutapata jibu, maana haiuzwi peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa chaneli za ligi za Big Ten na ACC, yaani Big Ten Network (BTN) na ACC Network. Zote zimefungwa ndani ya kifurushi, na kifurushi ndicho chenye bei. Aliyekulia kwenye ving'amuzi vya nyumbani anaujua mchezo huu: chaneli unayoitaka iko kwenye kifurushi kilicho juu ya unachokimudu. Tofauti ni kwamba nyumbani usipolipia wanakata na hadithi inaishia hapo, ilhali Marekani baadhi ya vifurushi vya kebo na dishi huja na mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na kuuvunja kuna faini yake.

Bei za vifurushi na programu zilizo hapa chini ni za mwishoni mwa 2025, kabla ya kodi.

Kabla ya kutoa kadi ya benki, jua chuo chako kiko ligi gani sasa hivi, si ilivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Mwaka 2024 vyuo vya Texas na Oklahoma vilihamia SEC, USC, UCLA, Oregon na Washington vikaenda Big Ten, na SMU cha Dallas kikaingia ACC. Chaneli ya Pac-12, ligi ya pwani ya magharibi, ilizimwa mwaka huohuo, na Longhorn Network, chaneli ya chuo cha Texas, nayo ikafa. Mechi za SEC sasa ziko mikononi mwa Disney, yaani ABC, ESPN na SEC Network. Big Ten imetawanywa Fox, CBS, NBC, BTN, na nyingine huonyeshwa Peacock peke yake, programu ya NBC ya kutazamia kwa intaneti. Ligi ya Big 12 haina chaneli yake kabisa, hivyo asikuuzie mtu kifurushi cha michezo kwa kisingizio hicho.

Bei hizi zilipandaje? BTN ilianza tarehe 30 Agosti 2007. Taarifa za biashara za wakati ule zilitaja takribani dola 1.10 kwa kila mteja wa kebo ndani ya majimbo ya ligi, na kama senti 10 nje ya hapo. SEC Network ilipokuja Agosti 2014, ilitajwa dola 1.40 ndani na senti 25 hivi nje. Zidisha kwa mamilioni ya nyumba, nyingi zikiwa hazina mtu hata mmoja anayejua kanuni za mchezo wenyewe, utaelewa kwa nini Big Ten iliwataka Rutgers, chuo kilicho jirani na jiji la New York, na Maryland, kilicho jirani na jiji la Washington, mwaka 2014. Watazamaji wa New York na Washington walikuwa na thamani kuliko timu. Ndiyo maana pia anwani yako inaamua chaneli iko kifurushi gani: kampuni ileile inaweza kuiweka BTN kwenye kifurushi cha kawaida Ohio, halafu Georgia ikaipeleka kwenye nyongeza ya michezo. Ukipiga simu, usiulize "mna BTN?" Watakujibu ndiyo. Uliza iko kifurushi gani kwa msimbo wako wa posta.

Sasa bili ya kebo. Chini ya bei ya tangazo kuna mistari inayouma: ada ya chaneli za hewani, ada ya michezo ya kanda, na kodi ya king'amuzi kwa kila televisheni. Ada mbili za mwanzo peke yake mara nyingi huzidi dola 20 kwa mwezi. Ile ya michezo ya kanda inawachanganya wengi. Ni ya timu za kulipwa za eneo lako, si ya vyuo, na kuongeza SEC Network hakuiondoi. Tangu Desemba 2024 kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inazitaka kampuni kubwa za kebo na dishi zitaje bei ya televisheni ikiwa na ada hizo mbili ndani. Mdai muuzaji namba hiyo, tena kwa maandishi.

YouTube TV, kifurushi cha chaneli kinachokuja kwa intaneti, ni dola 82.99 kwa mwezi. Ilianza na dola 35 mwaka 2017, mpige hesabu wenyewe. Kwa ubora wa huduma, bado ndiyo naipa nafasi ya kwanza: BTN, SEC Network, ACC Network, ESPNU na CBS Sports Network zote zimo bila nyongeza, kurekodi hakuna kikomo na rekodi hukaa miezi tisa, watu watatu wanaweza kutazama kwa wakati mmoja, na skrini unaweza kuigawa ukaona mechi nne. Hakuna mkataba.

Doa lake ni lilelile la kebo: ugomvi wa bei. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 2025 chaneli za Disney zilipotea YouTube TV na hazikurudi hadi Novemba 14, Jumamosi mbili nzima za katikati ya msimu. Wateja walioomba walipewa punguzo la dola 20. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya DirecTV, kampuni ya dishi, zikakatwa dakika chache kabla ya mechi ya LSU na USC. Mwaka 2023 ilikuwa Charter, kampuni ya kebo inayouza Spectrum, wakati wa mechi ya Florida na Utah. Angalia tarehe: mwisho wa Agosti, mwanzo wa Septemba, Oktoba. Wanakata pale mtazamaji anapoumia zaidi, kwa hiyo mkataba mrefu uliotiwa saini Agosti ni kujifunga kamba shingoni.

Kwa anayetaka vyuo tu, ninachopendekeza ni programu mbili za kutazamia kwa intaneti, ESPN Unlimited pamoja na Fox One, kwa dola 39.99 kwa mwezi. Ukinunua kila moja kivyake ni 29.99 na 19.99. ESPN inakupa ESPNU, SEC Network, ACC Network na mechi za ESPN zilizoko ABC. Fox One inaleta Fox, FS1 na BTN. Kubwa zinazobaki nje ni CBS na NBC, na hizo ni za bure hewani: nunua antena ya ndani, ibandike karibu na dirisha linaloelekea minara, kisha amuru televisheni itafute chaneli upya. Ukihamisha antena, tafuta tena, la sivyo utadhani imeharibika. Shabiki wa Big Ten aongeze Peacock, 10.99, kwa mwezi wenye mechi yake tu. Futiboli ya Kimarekani huanza mwisho wa Agosti na kumalizika Januari: miezi mitano ya programu hizi mbili ni dola 199.95, YouTube TV 414.95.

Lakini usilipe mara mbili. Wateja wa vifurushi kadhaa vya Spectrum, DirecTV na Hulu + Live TV tayari wana haki ya ESPN Unlimited bila kuongeza senti. Fungua programu ya ESPN kwenye televisheni, ingia kwenye mipangilio, chagua kampuni yako ya televisheni. Itatokea namba ya siri ya muda, uiandike kwenye tovuti ya ESPN kwa simu. Hapo watu wengi hukwama: inayotakiwa ni akaunti ya kebo, si ya ESPN. Kwenye maghorofa ambayo kebo imo ndani ya kodi ya nyumba, akaunti huwa ni ya mwenye jengo, na mpangaji hana cha kuingizia. Ulizia ofisi ya jengo kama kila nyumba inaweza kusajiliwa.

Hatua hizo zina faida ya ziada kwa wapenzi wa riadha. Matukio mengi ya vyuo hayana namba ya chaneli. Yako SECN+ na ACCNX, matawi ya intaneti ya SEC Network na ACC Network, ndani ya programu ya ESPN tu. Anayemfuatilia Doris Lemngole, Mkenya wa Alabama aliyetwaa taji la mbio za nyika za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, mwaka 2024, asihangaike kubonyeza rimoti. Aandike jina la mashindano kwenye sehemu ya kutafutia. Na kama Desemba unakwenda Mombasa au Arusha kusalimia wazee, rekodi au tazama kabla ya kupanda ndege. Programu hizi zimefungwa ndani ya Marekani.