Unga wa ainkoni: chapati ndiyo, mandazi hapana

Duka moja la vyakula vya afya hapa Mwanza linauza unga wa ainkoni, aina ya kale ya ngano, pakiti za kilo moja. Unga wenyewe ni mzuri. Maandishi ya pakiti ndiyo balaa.

Eti "ngano ya mwitu". Ngano mwitu ya jamii hii suke lake likikauka hukatikakatika lenyewe, punje zikamwagika chini. Nani atazivuna za kujaza pakiti? Hii ni ya shambani, Triticum monococcum, ambayo suke hubaki zima mpaka lipurwe. Ilianza kulimwa miaka kama 10,000 iliyopita, na vinasaba vinaelekeza milima ya Karacadağ, kusini-mashariki mwa Uturuki. Kumbi zake bado zimeng'ang'ania punje, kwa hiyo hukobolewa kwanza ndipo isagwe, na mavuno yake ni haba. Usishangae bei.

Kibaya zaidi, pakiti inasema "haina gluteni". Inayo! Gluteni ni ile protini ya ngano inayofanya unga uvutike, na mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, asiionje. Gluteni ya ainkoni ni dhaifu tu, haivutiki, na hapo ndipo wapishi wanapoharibu.

Kwa chapati chukua unga gramu 500, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula na maji ya uvuguvugu mililita 250. Utanata vidoleni; usiongeze unga. Hunywa maji polepole, hivyo ufunike dakika 40 ndipo ukate madonge. Mwenye haraka akinyunyiza unga mapema anaambulia chapati kavu zinazopasuka zikikunjwa. Usisukume nyembamba sana. Zinatoka na umanjano wa asili na utamu wa mbali kama wa korosho, na kwa mchuzi wa sato hazina mpinzani.

Mkate unawezekana kwenye kopo la bati, si wa kusimama wenyewe. Kanda dakika tatu tu. Ukishaumuka kwa nusu, usingoje ufike maradufu: tia kwenye oveni, nyuzi 200. Kwa joto la mchana la hapa, anza kuchungulia kama umeumuka baada ya dakika 45. Ukipitiliza, unatitia katikati. Mandazi achana nayo, hayafuri.

Kabla ya kulipa, tafuta tarehe ya kusagwa. Unga huu una kiini chenye mafuta, na joto huyachachisha. Ukinusa harufu ya mafuta ya zamani, rudisha. Nyumbani uweke kwenye friji, chomboni kilichofungwa vizuri. Dukani pakiti zimepangwa dirishani, juani, kwa hiyo omba ya stoo.